Jinsi ya kuitambua soriasisi kwenye ngozi nyeusi, hatua kwa hatua

Ukiingia gugo ukatafuta soriasisi utaletewa picha za wazungu wenye mabaka mekundu kabisa, halafu ukigeuka kuangalia kiwiko chako unaona kitu cha kijivu, au cha zambarau iliyofifia, au cheusi kuliko ngozi yako ya kawaida, unasema ah hii sio ile, itakuwa fangasi tu, unaenda duka la dawa unapewa tyubu. Tyubu inaisha, baka lipo. Unapewa nyingine kali zaidi, baka linapungua kidogo, ukiacha linarudi na nguvu mpya. Hapo ndo watu wengi wa huku kwetu wanapotelea, miaka inakatika mtu anatibiwa ugonjwa ambao hana.

Kwahiyo mwongozo huu nimeuandika kwa ngozi yetu, nyeusi na maji ya kunde. Hautachukua nafasi ya daktari, ila ukimaliza kuufuata utaenda hospitali ukiwa unajua unachoenda kuonyesha na unachoenda kuuliza, na hiyo peke yake inaokoa muda mwingi sana.

Kwanza uelewe ni kitu gani

Soriasisi ni kinga ya mwili inakosea, inachochea ngozi itengeneze chembe mpya kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwa mtu asiye nayo, chembe ya ngozi inachukua kama mwezi mmoja kuanzia inapozaliwa chini mpaka inapodondoka juu. Kwa mwenye soriasisi kazi hiyo inafanyika ndani ya siku 3 mpaka 7 hivi, kwahiyo zile chembe zinafika juu hazijakomaa, hazidondoki, zinarundikana, ndo yale magamba unayoyaona. Haitokani na uchafu na haitokani na kurogwa, na chakula fulani ulichokula juzi hakijaileta.

Na HAIAMBUKIZI. Naandika kwa herufi kubwa kwasababu kuna watu wanatengwa kwenye sahani, kwenye kitanda, kinyozi anakataa kumnyoa mtu mbele za watu, na hakuna sababu hata moja. Kushikana mikono, taulo, mashine ya kunyolea, tendo la ndoa, hakuna njia hapo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 nchi wanachama zilipitisha azimio kuhusu soriasisi wakasema wazi ni ugonjwa sugu usioambukiza, unaouma, unaolemaza, na bado hauna tiba ya kuumaliza kabisa, na wanakadiria wenye nao duniani hawapungui milioni 100. Kwahiyo kama unayo hauko peke yako hata kidogo.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya kujiangalia

Hii watu wanairuka na ndo inawapoteza. Usijiangalie ukiwa umetoka kupaka mafuta. Mafuta ya mgando, losheni, mafuta ya nazi, yote yanafanya magamba yalale na yawe kama hayapo, baka linabaki kuonekana doa jeusi tu. Jiangalie asubuhi kabla hujapaka chochote, mwanga wa dirishani au nje uani, sio taa ya chumbani maana taa ya njano inakula ile rangi ya zambarau yote. Chukua kioo kidogo cha mkononi na kioo kikubwa, au mtu unayemuamini akusaidie mgongoni na kichogoni. Piga picha kwa simu, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha baka liko sehemu gani ya mwili.

Tahadhari moja hapa. Kama umekuwa unapaka krimu kali ya steroidi (klobetasoli, betamethasoni na ndugu zake) sehemu kubwa ya mwili kwa wiki nyingi, au unameza prednisoloni, usizikate ghafla ili eti uone ugonjwa ukoje. Soriasisi ina tabia ya kulipuka vibaya mtu akikata steroidi ghafla. Nenda nazo hivyohivyo kwa daktari, tyubu mkononi.

Hatua ya 2: Soma baka lenyewe

Kuna vitu vinne vya kuangalia, na naomba usianze na rangi, manake rangi ndo inadanganya zaidi kwenye ngozi yetu.

Anza na ukingo. Pitisha macho taratibu kutoka kwenye ngozi nzima kuingia kwenye baka. Baka la soriasisi lina mpaka, unaweza kuuchora kwa kalamu, unajua kabisa hapa ngozi nzima imeishia na hapa ugonjwa umeanza. Kama mpaka unafifia taratibu hujui baka limeishia wapi, hiyo inaelekea zaidi kwenye pumu ya ngozi (ekzema).

Halafu shika. Funga macho kabisa pitisha kidole, baka la soriasisi limeinuka, lina unene, kidole kinapanda na kushuka. Watu wengi wanaangalia tu hawashiki, na kwenye ngozi nyeusi sana kidole kinaona kuliko macho.

Halafu magamba. Ni makavu, meupe yanayoelekea kwenye fedha au kijivu, yamepangana tabaka juu ya tabaka, ukiyakwaruza kidogo na ukucha yanatoa unga mweupe kama nta ya mshumaa. Asubuhi unaweza kuyakuta kwenye shuka, kwenye kola ya shati jeusi. Madaktari wanajua kwamba ukiendelea kubandua mpaka chini kabisa vinatokea vidoti vidogo vya damu, ni dalili ya kweli, ila wewe usiifanye nyumbani, utajitia kidonda, na soriasisi inapenda sana kuota palepale ulipojichubua (hii nitaieleza mbele).

Sasa ndo rangi. Kwenye ngozi ya maji ya kunde inaweza kuwa wekundu uliochanganyika na kahawia. Kwenye ngozi nyeusi ni zambarau, kijivu, au kahawia nzito iliyokolea, na wekundu unaweza usiuone popote. Likipona linaacha doa jeusi, au pengine doa jeupe zaidi ya ngozi yako, na doa hilo linaweza kukaa miezi mingi, na ndo linalowasumbua watu kuliko hata ugonjwa wenyewe. Ujue kutofautisha, baka ambalo limelala sawa na ngozi, halina gamba, halina unene, hilo limeshapona limebaki doa tu, usiendelee kulipaka dawa kali ukidhani bado ugonjwa upo na usikimbilie mkorogo kulifuta.

Kuwasha je? Kuna watu bado wanasema soriasisi haiwashi, sio kweli, wengi inawawasha, wengine wanasema inachoma au inavuta, na magoti na viwiko vinapasuka vinauma ukikunja. Kwahiyo kuwasha au kutowasha kusikufanye useme ni yenyewe au sio yenyewe.

Hatua ya 3: Chora ramani ya mwili mzima

Vua nguo zote. Najua uliona baka moja la kiwiko ndo likakuleta hapa, lakini soriasisi ina sehemu zake za kujificha ambazo mtu hazijui mpaka azitafute, na zikipatikana hizo zinasema mengi.

Sehemu zinazojulikana ni viwiko upande wa nje, magoti upande wa mbele, kiuno chini ya mgongo, na kichwani. Zinazosahaulika ni ndani ya kitovu, mpasuo wa makalio pale juu kabisa, nyuma ya masikio na ndani ya tundu la sikio, mstari wa nywele kwenye paji la uso na kichogoni, na sehemu za siri. Halafu angalia ulinganifu, kiwiko cha kulia kikiwa nacho cha kushoto nacho mara nyingi kinacho, goti hivyohivyo. Fangasi haina nidhamu hiyo, inaanza upande mmoja ilipopandwa.

Kichwani nako kunataka uvumilivu. Karibu nusu ya wenye soriasisi inawafika kichwani, na kwa dada zetu inajificha chini ya nywele za kusuka na mawigi. Fumua, gawanya nywele mstari kwa mstari, tafuta magamba mazito makavu yenye mpaka, yaliyoshika ngozi ya kichwa, na uangalie kama yamevuka mstari wa nywele kuja kwenye paji la uso au shingoni. Mba wa kawaida unabaki ndani ya nywele, soriasisi inachungulia nje. Msuko wa kubana sana na dawa za kulainisha nywele zinazounguza zinaichokoza, hilo la msuko ukimwambia msusi wako aache kuvuta ngozi ya mbele ni msaada mkubwa tu.

Kwenye mikunjo (kwapani, chini ya matiti, kinenani) sura inabadilika kabisa. Magamba hayapo kwasababu kuna unyevu na msuguano, unachoona ni baka laini, linang'aa, rangi ya zambarau au kahawia nzito, lina mpaka uleule mkali, wakati mwingine limepasuka katikati ya mkunjo. Hii karibu kila mtu anaambiwa fangasi. Na ikiwa sehemu za siri mtu anaanza kudhani ni zinaa, ndoa inaingia moto bure, wakati wangeenda kupima tu wote wawili wangetulia.

Hatua ya 4: Kucha

Karibu nusu ya wenye soriasisi kucha zao zinaguswa, kwahiyo futa rangi ya kucha, toa za kubandika, osha, angalia zote 20. Unatafuta vishimo vidogo vya ukubwa wa kichwa cha pini juu ya ukucha, unatafuta madoa ya njano iliyoelekea kahawia yanayoonekana chini ya ukucha, ukucha kuachia nyama kuanzia mbele kurudi nyuma, na uchafu mgumu mweupe unaorundikana chini yake mpaka ukucha unanyanyuka. Mwisho kabisa ukucha unamung'unyika.

Vile vishimo ndo vya kuvipa uzito, fangasi ya kucha kwa kawaida haitoboi vishimo. Lakini ukucha mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, soriasisi na fangasi juu yake, ndo maana kabla ya kumeza vidonge vya fangasi vya miezi mitatu na kuendelea omba kwanza wakate kipande cha ukucha wakapime.

Hatua ya 5: Viungo, na hapa naomba usome taratibu

Hadi mtu mmoja kati ya watatu wenye soriasisi anapata ugonjwa wa viungo unaotembea nayo. Mara nyingi ngozi inatangulia kwa miaka, pengine hata 10, kwahiyo mtu hawezi kuunganisha, anaenda kwa daktari wa mifupa anasema magoti, anaenda kwingine anasema ngozi, hakuna anayeziona zote pamoja. Na kiungo kikishaharibika hakirudi kama zamani, ngozi inarudi lakini kiungo hakirudi, ndo maana nakusisitizia.

Jiulize maswali haya matano, yanatumika hata kliniki. Umewahi kuvimba kiungo? Daktari amewahi kukwambia una ugonjwa wa viungo, yaani baridi yabisi au jina lolote la namna hiyo? Kucha zako za mikono au miguu zina vishimo? Umewahi kuumwa kisigino? Umewahi kuwa na kidole cha mkono au mguu kilichovimba chote kuanzia shina mpaka ncha na kuuma bila sababu ya wazi? Ukijibu ndio mara tatu au zaidi, usisubiri, mwambie daktari unataka kuonwa na mtu wa viungo. Hata ukijibu ndio chache ila asubuhi unaamka mwili umekakamaa zaidi ya nusu saa ndo unaachia, sema.

Hatua ya 6: Rudi nyuma kwenye historia

Chukua karatasi uandike, usitegemee kichwa maana mbele ya daktari utasahau yote.

Ilianza lini na wapi. Inaweza kuanza umri wowote, ila vilele ni viwili, miaka ya 20 mpaka 30 na tena 50 mpaka 60. Nyumbani kuna mwenye nayo? Waulize wazazi, shangazi, babu, na usiulize kwa jina la ugonjwa maana wazee wengi hawakuwahi kupewa jina, uliza nani alikuwa na magamba kwenye viwiko yasiyoisha. Mzazi mmoja akiwa nayo, mtoto ana uwezekano wa kama asilimia 10, wakiwa wote wawili unafika kama asilimia 50.

Je ulikuwa na tonsesi wiki mbili tatu kabla? Kuna aina inayokuja ghafla kwa watoto na vijana baada ya maambukizi ya koo, vidoti vingi vidogovidogo vya ukubwa wa matone, kifuani, mgongoni, mikononi, vyenye gamba jembamba. Mzazi anadhani ni mzio wa chakula. Mpeleke apimwe koo, na mara nyingi aina hii inaisha yenyewe ndani ya miezi kadhaa, ingawa kwa wengine inageuka ya kudumu.

Dawa unazotumia. Litiamu (dawa ya ugonjwa wa akili), baadhi ya dawa za presha na moyo kama propranololi na atenololi, na za jamii ya klorokwini (pamoja na haidroksiklorokwini wanayopewa wagonjwa wa lupasi) zinaweza kuiamsha au kuichochea. Usiache dawa ya presha mwenyewe nyumbani kwasababu umesoma hapa, ipeleke tu iandikwe.

Majeraha nayo. Angalia kama baka limeota juu ya kovu, ulipokatwa, ulipochanjwa chale, ulipoungua, mstari wa mkanda au sidiria. Ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa inaweza kuotesha baka jipya palepale siku kadhaa au wiki mbili baadaye, na ukilipata baka la mstari mnyoofu juu ya kovu hiyo ni dalili nzuri sana ya kumwonyesha daktari. Ndo sababu kusugua kwa dodoki gumu na jiwe la miguu ili magamba yatoke ni kujiongezea mabaka.

Pombe, sigara, uzito kuongezeka, msongo wa mawazo, msiba, mitihani, andika yote.

Na hili la mwisho nitalisema bila kuzunguka. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na soriasisi halafu ikamlipukia ghafla mwili mzima, au aliyekuwa nayo kidogo ikageuka kali bila sababu, apime VVU. Kuwa na soriasisi hakumaanishi una VVU, wengi sana wenye nayo hawana, lakini VVU vinaweza kuifanya iwe kali sana na pengine ndo dalili ya kwanza kuonekana, na uzuri ni kwamba mtu akianza ARV ngozi nayo mara nyingi inatulia.

Hatua ya 7: Zitoe nyingine kwenye orodha

Mashilingi (wengine wanaita choa). Inatengeneza duara, pembeni kuna uhai na vipele, katikati panapona panakuwa safi, inatanuka kwenda nje. Soriasisi inakuwa nene eneo lote, katikati na pembeni. Krimu ya kweli ya fangasi ikitumika vizuri wiki mbili mpaka nne mashilingi yanaondoka, soriasisi haishtuki. Tatizo ni zile tyubu za mchanganyiko, ndani kuna dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi humohumo, zinauzwa kama maandazi dukani, zikipakwa kwenye fangasi muwasho unatulia huku fangasi inaenea chini kwa chini na duara linapoteza umbo, zikipakwa kwenye soriasisi inapungua kisha inarudi, kwahiyo mwisho hata daktari akiangalia kwa macho anachanganyikiwa. Kipimo chake ni rahisi, wanakwangua unga wa ngozi wanaangalia kwenye darubini, omba kifanyike.

Pumu ya ngozi inapenda mikunjo, ndani ya kiwiko na nyuma ya goti, wakati soriasisi inapenda upande wa pili, nje ya kiwiko na mbele ya goti. Mara nyingi imeanza utotoni, inawasha kupita kiasi hasa usiku, inatoa majimaji, na mtu au ndugu zake wana pumu ya kifua au mafua ya mzio.

Kaswende ya hatua ya pili inaleta vipele mwili mzima hata viganjani na nyayoni, kwa kawaida haviwashi, na wiki kadhaa kabla kulikuwa na kidonda sehemu za siri kilichopona chenyewe, pengine hata hukukiona. Kipimo cha damu tu kinamaliza mjadala.

Ukoma. Hili linaogopesha watu na kwa karne nyingi hata Ulaya wenye soriasisi walichanganywa na wenye ukoma, mpaka karne ya 19 ndo madaktari wakazitenganisha. Baka la ukoma mara nyingi ni jeupe kidogo kuliko ngozi na limekufa ganzi. Chukua kipande cha pamba, fumba macho, mtu akuguse kwenye baka na pembeni, kama kwenye baka huhisi, nenda kituo cha afya haraka, dawa zake ni za bure na unapona. Baka la soriasisi unahisi vizuri tu.

Upele unawasha usiku, uko katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na watu wa nyumba nzima wanajikuna. Mba wa mafuta una magamba ya njano yanayonata, kwenye nyusi na pembeni ya pua. Na kama kuna baka moja sugu ambalo halisikii dawa yoyote kwa muda mrefu, wakate kipande wapime, kuna saratani chache za ngozi zinazojifanya soriasisi.

Viganja na nyayo ni kesi ngumu, naomba tuelewane hapo. Magaga ya kawaida yako kisiginoni na yanalainika ukipaka mafuta na kuvaa soksi. Soriasisi inaweza kushika unyayo mzima au kiganja kizima, nene, imepasuka, yenye mpaka mkali pembeni ya mguu, wakati mwingine na vijipu vidogo vya usaha ambavyo sio maambukizi. Fundi ujenzi anayeshika simenti kila siku anaweza kuwa na mzio wa simenti wenye sura hiyohiyo. Hapo kwa macho yako peke yako hutaamua.

Hatua ya 8: Dalili za kukimbia hospitali leo hii

Ngozi karibu mwili mzima imewaka, ina joto ukiigusa, inabanduka vipande vipande, unatetemeka baridi, miguu imevimba. Kwenye ngozi nyeusi huo mwako hauonekani mwekundu wazi, unaweza kuwa zambarau au kahawia nzito, kwahiyo ongozwa na joto na kubanduka. Au vijipu vya usaha vimetokea ghafla maeneo makubwa, na homa juu, hasa kwa mjamzito au mtu aliyetoka kuacha prednisoloni. Hapo mwili unapoteza maji na joto na mtu anaweza kufa, sio suala la kliniki ya wiki ijayo, ni kulazwa. Jicho likiuma, likiwa jekundu na mwanga unalichoma, nalo usilaze.

Hatua ya 9: Kupima ukubwa na kwenda kwa daktari

Kiganja chako pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yako. Hesabu mabaka yako yanajaza viganja vingapi. Chini ya 3 inaitwa nyepesi, 3 mpaka 10 ya kati, zaidi ya 10 kali. Lakini iliyoko usoni, viganjani, nyayoni, sehemu za siri au kwenye kucha inahesabiwa nzito hata ikiwa ndogo, kwasababu inakunyima kazi na usingizi, usikubali kuambiwa "mbona ni kidogo tu".

Anzia kituo kilicho karibu na uombe rufaa ya ngozi. Kwa Tanzania, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, RDTC, kilichofunguliwa 1992, kimefundisha matabibu na madaktari wa ngozi wanaofanya kazi nchi nyingi za Afrika, kwahiyo uliza hospitali ya mkoa wako kama yupo aliyesomea ngozi, watu wengi hawajui kama yupo. Muhimbili pia wana kliniki, na walioko Nairobi hospitali ya Kenyatta wanayo.

Beba picha zako, karatasi ya historia, na tyubu zote ulizotumia hata zilizoisha. Usipake kitu siku hiyo. Onyesha kucha na taja viungo hata kama hujaulizwa. Utambuzi mara nyingi ni wa macho na mikono, wakiwa na shaka wanakata kipande kidogo cha ngozi, kwa ganzi, ni dakika chache.

Ukipewa prednisoloni ya kumeza au sindano ya steroidi kwa ajili ya soriasisi ya ngozi, uliza kwa heshima kwanini, maana inapendeza siku za mwanzo na ikiachwa inaweza kulipua ile hali ya hatua ya 8. Ukipewa methotreksati, inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, sio kila siku, watu wamekufa kwa kosa hilo, chagua siku moja uiandike kwenye boksi, na kama una mimba au unapanga kupata mtoto, mwanamke au mwanaume, sema kabla hujaimeza. Waombe pia wakupime sukari, presha na uzito, kwasababu wenye soriasisi wanapata kisukari na magonjwa ya moyo zaidi ya wengine, na kama umekuwa na huzuni isiyoisha au hutaki tena kutoka nje kwasababu ya ngozi, hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa na linatibika, litaje kwa daktari huyohuyo.

Wakati unasubiri tarehe ya kliniki, paka mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu mara mbili kwa siku, la kwanza ukitoka tu kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, oga maji ya uvuguvugu, acha dodoki, kata kucha fupi, na kila wiki piga picha ya mabaka yaleyale, mwanga uleule, kabla ya kupaka.